Mwenda wa Bayeke: mpiga gitaa wa Bunkeya ambaye diski zake zinazaliwa upya ng'ambo

Zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, Mwenda Jean-Bosco bado anatoa diski. Nyimbo alizorekodi akiwa kijana katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, zimetolewa upya mara kadhaa huko Ulaya na Marekani, na wapenzi wa gitaa husubiri kila toleo jipya kwa hamu. Shida ni kwamba karibu kila mara matoleo hayo yanaanzia palepale: mwaka 1952, wimbo Masanga, kijana mmoja na gitaa lake. Mtu aliyeishi miaka 38 zaidi baada ya siku ile, aliyepiga Nairobi, Newport na katika kumbi za Lubumbashi, anabaki nje ya bahasha ya diski.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kijiji ambacho leo kiko katika jimbo la Lualaba. Kwa wakaaji wa Katanga jina la Bunkeya halihitaji maelezo, lakini kwa msomaji wa Bukavu au Kisangani inafaa kukumbusha kidogo. Hapo ndipo Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi, magharibi mwa Tanzania ya leo, alipojenga makao makuu ya ufalme wake wa Garenganze katika karne ya 19. Aliutajirisha kwa shaba, pembe za ndovu na watumwa. Watu aliokuja nao wakaitwa Bayeke. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa Mbelgiji, Omer Bodson, aliyekuwa katika msafara uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II, na Katanga ikaingia mikononi mwa Wabelgiji. Mwenda lilikuwa jina la Msiri mwenyewe, na waliomrithi katika kiti cha Bunkeya wameendelea kulibeba.

Jina lake la pili lilitoka upande mwingine kabisa. Jean Bosco ni padri Mtaliano aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na ambaye kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1934. Wamisionari wa shirika hilo walifika Katanga mwaka 1911 na kufungua mashule. Katika jina moja, basi, kulikuwa na ufalme na misheni, na kijana huyo alisoma mpaka shule ya sekondari, jambo ambalo wakati wa ukoloni halikuwa la kila mtu. Masomo hayo yalikuja kumpa kazi nyakati ambazo gitaa peke yake halingeweza kulisha nyumba.

Gitaa lenyewe lilimkuta katika nchi ya migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe, ikawaweka pamoja katika kambi za Elisabethville, Jadotville na Kolwezi. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kikapata sura yake ya Katanga, na ndicho kilichoimbwa. Jioni baada ya kazi, mtu mwenye gitaa alikuwa na wasikilizaji. Halikuhitaji umeme wala ngoma kubwa, lilibebwa begani, na mwenzake aliweza kumfuata kwa kugonga chupa tupu. Miji hiyo ya migodi ilitoa wapiga gitaa kadhaa wa namna hiyo, wakiwemo Losta Abelo na Édouard Masengo, ambaye alikuwa ndugu wa Mwenda.

Siku ya Jadotville

Mwaka 1952 alifika Jadotville Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kurekodi muziki wa Afrika. Alizunguka na gari lililobeba mashine zake, na mara nyingi alishika maikrofoni kwa mkono, akiisogeza karibu na mwimbaji au na chombo kadiri alivyotaka kisikike. Safari zake za mwaka huo zilimfikisha pia Rwanda na kwenye msitu wa Ituri. Alikuwa akifanya kazi na kampuni ya diski ya Gallo ya Johannesburg, na hiyo ndiyo sababu baadhi ya nyimbo alizorekodi hazikuishia katika kabati la wataalamu, bali ziliingia dukani.

Tracey alimkuta Mwenda, kijana wa miaka 22, akiwa na gitaa lake barabarani. Akamrekodi. Kati ya nyimbo zilizotoka katika kukutana huko kulikuwa na Bombalaka na Masanga. Neno masanga, katika Kiswahili cha Katanga, linaeleweka kama mahali njia zinapokutana, na si vibaya kusema kwamba siku ile njia mbili zilikutana kweli: ya mtu aliyekuwa akitafuta muziki wa Afrika usiopotea, na ya mtu aliyekuwa anauvumbua palepale kwa vidole vyake.

Ni vidole hivyo vilivyofanya wataalamu wakose usingizi. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene na kwenda kama mguu wa mtu anayetembea, na kidole cha shahada kilicheza juu yake, mara kikimfuata, mara kikimkata katikati ya hatua. Hesabu ya mbili na hesabu ya tatu zinakwenda pamoja ndani ya Masanga, kama ilivyo katika ngoma nyingi za kwetu, ila safari hii ziko katika mkono mmoja. Msikilizaji asiyemwona anadhani wako wapiga gitaa wawili. Sauti ya Mwenda yenyewe haipandi wala kulia. Inaongea tu, taratibu, kama mtu anayesimulia habari huku akiwaza jambo lingine, na gitaa ndilo linalobeba uchangamfu wote.

Mwaka huohuo Masanga ilipata zawadi ya Osborn ya muziki bora wa Afrika wa mwaka 1952. Gallo ikaitoa kwenye diski zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa, kwa sababu kiliamua urefu wa wimbo kuliko mwimbaji mwenyewe. Mtu aliyezoea kupiga gitaa mpaka wasikilizaji wachoke alitakiwa kumaliza kabla sindano haijafika katikati.

Diski hizo zilisafiri. Zilisikika katika Rhodesia, Afrika Kusini, Tanganyika, Uganda na Kenya, popote palipokuwa na gramafoni au redio. Mwenda aliendelea kurekodi nyimbo nyingine nyingi katika miaka hiyo ya 1950, zikiwemo Tambala Moja, Mama na Mwana, Watoto Wawili na Kijana Muke. Tazama jinsi jina la mwisho lilivyoandikwa: si mke, ni muke, kama mtu wa Likasi anavyolitamka mpaka leo. Kampuni ya Johannesburg iliuza Kiswahili cha Katanga jinsi kilivyo, na watu wa pwani ya mashariki walikinunua bila kulalamika.

Huko London, mwalimu wa chuo kikuu David Rycroft aliketi na diski hizo akaziandika nota moja baada ya nyingine. Uchunguzi wake ulichapishwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, na kichwa chake kilihusu ubunifu wa papo kwa papo wa Mwenda. Alichokionyesha Rycroft ni kwamba Mwenda hakuwa akirudia. Kila ubeti ulikuja na mabadiliko yake, madogo lakini ya makusudi, na wimbo uleule ukirekodiwa mara mbili haukutoka sawa. Kwa maneno mengine, Masanga ambayo dunia inaijua ni Masanga ya siku moja. Zile za jioni nyingine hazikuwa na maikrofoni.

Nairobi, kisha kazi ya banki

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, ambapo alikuwa na kipindi chake katika redio. Masengo naye alikwenda huko. Mfanyabiashara wa muziki na matangazo, Peter Colmore, aliona mapema kwamba mpiga gitaa anayependwa anaweza kuuza kitu, na ndugu hao wawili wakawa sauti za matangazo: Masengo kwa Coca-Cola, Mwenda kwa Aspro, dawa ya kutuliza maumivu ya kichwa. Wapo wanaoona jambo hilo kama kujishusha. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye mfumo ambapo wanamuziki wengi wa Afrika walilipwa mara moja tu siku ya kurekodi na diski ikaenda zake, tangazo lilikuwa kazi yenye mshahara.

Matokeo ya kukaa kwake Nairobi yalipita matangazo. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kilimsikiliza na kumwiga, hasa katika maeneo ya magharibi ambako mtindo wa kupiga kwa vidole viwili, chupa ya Fanta ikigongwa pembeni, ulikua na kuwa muziki wa vijiji. Hao nao walipata majina yao na mitindo yao, na hawakuwa vivuli vya mtu. Hata hivyo, kwa muda fulani kijana wa Kenya aliyenunua gitaa lake la kwanza alijipima kwa Masanga.

Nyumbani mambo yalikuwa yakivurugika. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga. Vita na majeshi ya Umoja wa Mataifa viliendelea mpaka Januari 1963. Mmoja wa watu wenye nguvu katika serikali ya Tshombe, Godefroid Munongo, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Bunkeya, yaani jina la Bayeke lilikuwa katika siasa kila siku. Mwenda hakujulikana kwa siasa. Alijulikana kwa gitaa, na alichagua kuishi Lubumbashi, mji ulioacha jina la Elisabethville mwaka 1966, mwaka ambao Jadotville nayo ilikuwa Likasi.

Aliishije huko? Kama watu wengine. Alifanya kazi katika banki. Alifanya kazi katika Gécamines, shirika la taifa lililochukua migodi ya Union Minière. Aliongoza vikundi vya muziki. Baadaye alikuwa na hoteli yake karibu na mpaka wa Zambia, njia ambayo mpaka leo malori ya shaba hupita usiku na mchana. Ukiyaweka hayo yote pamoja unapata picha ya mtu ambaye jina lake lilijulikana Nairobi, London na Johannesburg, lakini asubuhi alivaa shati akaenda ofisini.

Wakati huohuo ladha ya watu ilikuwa ikihama. Rumba ya Kinshasa, yenye gitaa la umeme, ngoma na tarumbeta, ilikuwa imefika kila baa ya Lubumbashi kwa redio na kwa diski. Muziki wa mtu mmoja na gitaa kavu ulianza kuonekana kuwa wa wazee. Mpiga gitaa wa Katanga aliyetaka kujaza ukumbi siku ya Jumamosi alihitaji kikundi, na ndiyo maana Mwenda alikuwa na vikundi. Sehemu hii ya maisha yake ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyoacha alama chache kwenye diski. Mashabiki wa mji walimjua kama mtu wa jukwaani, si kama sauti ya zamani iliyohifadhiwa.

Newport, mwaka wa mwezi

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani, katika tamasha la muziki wa kienyeji la Newport, jimbo la Rhode Island. Kwa wapenzi wa rock mwaka ule ni kama mwaka wa ndoto. Wiki chache tu kabla, katika mji huohuo, tamasha la jazz lilikuwa limewapokea Led Zeppelin na Jethro Tull, na mwezi uliofuata ulikuja mkusanyiko mkubwa wa Woodstock. Tamasha alilokwenda Mwenda lilikuwa na Joni Mitchell, Van Morrison, Muddy Waters na James Taylor, ambaye wakati huo alikuwa bado hajawa jina kubwa. Lilimalizika tarehe 20 Julai, siku ambayo Wamarekani wawili walitua mwezini. Habari hiyo ilikatiza hata muziki jukwaani.

Kufika kwake huko hakukuwa ajabu kama inavyoonekana. Wapiga gitaa wa Marekani waliokuwa wakitafuta mizizi ya muziki wa vidole walikuwa wamekwisha kusikia diski za Tracey. Ramblin' Jack Elliott, kwa mfano, alikuwa ameuchukua wimbo Guabi Guabi wa George Sibanda wa Bulawayo, ambaye pia alirekodiwa na Tracey. Tofauti ni kwamba Mwenda alikwenda mwenyewe, akiwa hai, na kuwaonyesha vidole.

Kisha akarudi Lubumbashi kazini.

Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire na Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka uliofuata serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo ya Kizungu. Wengi walilazimika kutafuta jina la mababu. Mwenda hakuhitaji kwenda mbali: aliitwa Mwenda wa Bayeke. Kwa hiyo mtu anayetafuta diski zake leo anapaswa kujua kwamba Mwenda Jean-Bosco, Jean-Bosco Mwenda na Mwenda wa Bayeke ni mtu yuleyule. Wauzaji wa diski za zamani wanamweka mara chini ya herufi B, mara J, mara M, na mashabiki wamepoteza muda mwingi kwa sababu hiyo.

Watafiti walianza kumfuata nyumbani. John Low, mpiga gitaa na mtafiti, alifika Shaba mwaka 1979 akitafuta watu waliopiga zile diski za miaka ya 1950, na akaandika safari hiyo katika kitabu Shaba Diary kilichochapishwa Vienna mwaka 1982. Mwaka huohuo wa 1982 Mwenda alipiga Ulaya, kwa msaada wa Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria wa muziki wa Afrika, na akarekodiwa huko. Elijah Wald, mpiga gitaa na mwandishi wa Marekani, naye alisafiri mpaka Lubumbashi kujifunza kwake na kwa Masengo. Wageni hao walifika wakiwa wamejifunza Masanga kutoka kwenye diski, nota kwa nota. Kujifunza wimbo namna hiyo kunasaidia, lakini mwenye wimbo hakuwahi kuupiga namna hiyo.

Mwaka 1988 Mwenda aliingia studio mjini Cape Town. Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na wanamuziki wengi wa nje walikuwa wakiikwepa. Ni nchi hiyohiyo ambayo kampuni yake ilimtangaza miaka 36 kabla, na ambayo ilihifadhi sauti zake za ujana. Rekodi za Cape Town zina sauti ya mtu mzima wa miaka 58 anayezirudia nyimbo zake bila haraka. Zilikuwa karibu za mwisho.

Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari huko Zambia, ng'ambo ya mpaka aliokuwa akiishi nao jirani. Alikuwa na miaka 60.

Kinachotolewa upya, na kinachoachwa

Baada ya kifo chake kampuni ya Rounder ya Marekani ilitoa rekodi za Cape Town, na kwa wasikilizaji wengi wa ng'ambo hiyo ndiyo CD yao ya kwanza ya Mwenda. Kisha ikaja kazi ya Sharp Wood, kampuni ndogo ya Uholanzi ya Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia, ambaye aliingia katika hazina ya Tracey na kutoa diski moja baada ya nyingine. Ile inayohusu mwanzo wa muziki wa gitaa kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia, yenye rekodi za kati ya mwaka 1950 na 1958, inamweka Mwenda pamoja na wenzake wa wakati wake. Kwa anayetaka kuanza, hiyo ndiyo bora, kwa sababu inamwonyesha akiwa mmoja wa kundi zima la wapiga gitaa wa migodini na si muujiza uliodondoka peke yake.

Hazina yenyewe iko katika maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao leo unaitwa Makhanda, Afrika Kusini. Bila maktaba hiyo, sehemu kubwa ya muziki wa Katanga wa miaka ya 1950 ingekuwa imekwisha pamoja na diski zilizovunjika nyumbani. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu ni rahisi kumlaumu mgeni aliyechukua sauti na kusahau kwamba nyumbani hakuna aliyeitunza.

Lakini matoleo hayo yana upungufu ambao msikilizaji wa Kongo anauona haraka kuliko msikilizaji wa Amsterdam. Kwanza ni maneno. Wanaonunua diski hizo Ulaya wananunua gitaa. Kiswahili kwao ni sauti ya kupendeza tu. Mwenda aliimba kwa watu waliomwelewa, waliocheka mahali pa kucheka na kunyamaza mahali pa kunyamaza. Maelezo ya ndani ya bahasha yanazungumza sana juu ya vidole na kidogo juu ya anayoyasema, na mkaaji yeyote wa Lubumbashi mwenye masikio mazuri angeweza kuyaongeza kwa saa moja.

Pili ni miaka iliyokosekana. Kati ya Masanga ya 1952 na Cape Town ya 1988 kuna mtu aliyepiga mbele ya watu wa mji wake kwa muda mrefu, akiwa na vikundi, kwa hadhira iliyotaka kucheza. Mnunuzi wa gitaa kavu wa Ulaya haitafuti sehemu hiyo, na kampuni ndogo haziwezi kutoa upya kitu kisichouzika. Kwa hiyo picha inayobaki ni ya kijana wa barabarani aliyegunduliwa na Mzungu mwenye maikrofoni. Karani wa banki, kiongozi wa kikundi na mwenye hoteli hayumo.

Masengo alimzidi ndugu yake kwa miaka 13 na kufariki mwaka 2003. Pamoja naye walikwenda wengi wa wale walioweza kusema nani alipiga wapi, na wimbo gani ulikuwa wa nani.

Nchini Kenya, ILAM na washirika wake wa huko wamerudisha nakala za rekodi za Tracey katika vijiji vilikorekodiwa. Mwaka 2014 walianza na Wakipsigis, ambao mwaka 1950 waliimbia maikrofoni wimbo Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani waliyemsikia kwenye gramafoni. Nakala za Jadotville ziko katika kabati hilohilo, na majina ya nyimbo yameandikwa juu yake kwa Kiswahili. Kinachotakiwa ili zifike Likasi na Bunkeya si kikubwa: taasisi moja ya hapa nchini ya kuandika ombi na kupokea mzigo, redio za kuzipiga, na mtu wa kuzunguka nyumba za wazee wa Lubumbashi kabla diski na kaseti za vikundi vya Mwenda, zile ambazo hakuna Mzungu aliyezirekodi, hazijatupwa pamoja na vyombo vya zamani.